Dodoso la tabia hatarishi kwa vijana wa Mtwara na Lindi: libaki lilivyo, liandikwe upya, au matoleo mawili yaende pamoja?

Ulinganisho huu ni wa wale wanaokaa mezani kuamua: waratibu wa afya ya vijana katika halmashauri, maafisa elimu, wahadhiri na mashirika yanayotaka kujua wanafunzi wa Kusini wanakunywa nini, wanavuta nini, wanaumia vipi na nani anawasikiliza. Karibu kila mara dodoso la awali lipo. Kazi ni kulisahihisha bila kuliharibu.

Tuseme mapema tunakosimama. Kwa mikoa hii miwili tunapendekeza kiini cha dodoso kibaki neno kwa neno, maswali yasiyoshika hali ya huku yaandikwe upya, na kwa duru moja toleo la zamani na jipya yajazwe sambamba, nusu kwa nusu, ndani ya darasa lilelile. Ndiyo njia yenye kazi nyingi kuliko zote, na tunajua halmashauri hazina fedha za kuchezea. Lakini takwimu za vijana zikishavunjika katikati, hakuna fedha inayorudisha mwaka uliopita.

Uanzie dodoso lipi: GSHS au YRBS?

GSHS (Global School-based Student Health Survey, yaani uchunguzi wa afya ya wanafunzi shuleni) ni la Shirika la Afya Duniani, lilianza mwaka 2003 kwa kushirikiana na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa. Tanzania ililiendesha Dar es Salaam mwaka 2006, kisha kitaifa mwaka 2014. YRBS (Youth Risk Behavior Survey, yaani uchunguzi wa tabia hatarishi za vijana) ni la Wamarekani wenyewe. Linawauliza wanafunzi wa darasa la 9 hadi la 12 na limerudiwa kila baada ya miaka miwili tangu 1991, ingawa duru ya 2021 ilisogezwa mbele ndani ya mwaka huohuo kwa sababu ya UVIKO-19.

Kwa umbo yanafanana: mwanafunzi anajaza mwenyewe, hakuna jina, maswali ni ya kuchagua, na lote limepangwa liishe ndani ya kipindi kimoja. Tofauti iko katika kinachoulizwa. YRBS linajali mkanda wa gari, kupanda gari na dereva aliyekunywa, kubeba silaha, na linamtaka mwanafunzi ataje mwenyewe urefu na uzito wake. GSHS lina moduli za msingi juu ya pombe, lishe, dawa za kulevya, usafi wa mikono na vyoo, afya ya akili, mazoezi ya mwili, mambo yanayomkinga kijana, tabia za kujamiiana, tumbaku, na ukatili pamoja na ajali. Linauliza pia kama mtoto amekaa na njaa kwa kukosa chakula nyumbani, swali ambalo huku haliwezi kukosekana.

Kwa hiyo msingi uwe GSHS, kwa sababu ndilo lenye namba ya Tanzania ya kulinganishwa nayo. YRBS tunalichukulia kama shule ya namna ya kusahihisha, kwani limebadilishwa mara nyingi na mabadiliko yake yameandikwa wazi. Mifano miwili inatosha. Mwaka 2015 liliongezewa maswali ya sigara za kielektroniki. Hilo lilikuwa jambo jipya, na halikugusa mfululizo wowote wa nyuma. Mwaka 2017 swali la kunywa kupita kiasi lilibadilishwa: zamani lilihesabu vinywaji vitano au zaidi mfululizo kwa wote, sasa ni vinne au zaidi kwa msichana na vitano au zaidi kwa mvulana. Badiliko hilo lilikuwa sahihi kitabibu, lakini mwelekeo wa swali hilo ukaanza kuhesabiwa upya 2017. Kuongeza swali na kulibadili swali ni maamuzi mawili tofauti, na yasipitishwe kwa pamoja katika kikao kimoja kana kwamba ni jambo moja.

Njia tatu, zikiwekwa bega kwa bega

*Kubakiza yote na kuongeza mwishoni.* Faida yake kubwa ni ya mpangilio. Swali lililowekwa mwisho haliwezi kubadili namna mwanafunzi alivyojibu yaliyotangulia, ilhali swali jipya la ukatili likichomekwa kabla ya maswali ya huzuni linaweza kusukuma majibu ya huzuni juu. Hasara yake ni urefu. Mwanafunzi wa darasa la sita anayesoma polepole humaliza maswali 60 akiwa amechoka, na nyongeza yako ya maswali 15 kuhusu maisha ya Kusini ndiyo itakayoachwa tupu au kujazwa herufi moja kuanzia juu hadi chini. Yaani hasara yote inaangukia maswali uliyoyataka zaidi. Ukichagua njia hii, nyongeza isizidi maswali nane, na lazima utoe mengine ili jumla isipande.

*Kuandika upya.* Hapa maswali yanakaa vizuri mdomoni mwa mtoto wa Tandahimba au Kilwa Kivinje. Ila namba mpya ikitofautiana na ya 2014, hutajua kama waliobadilika ni vijana au ni swali. Njia hii inafaa pale tu ambapo hakuna anayehitaji kulinganisha na nyuma, kwa mfano shirika linalotaka msingi wa mradi wake katika kata tatu.

*Matoleo mawili sambamba.* Toleo A ni la zamani, toleo B ni lililosahihishwa. Yachapwe kwa rangi moja, kurasa sawa, maswali sawa kwa idadi, na tofauti pekee iwe herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho. Yapangwe A, B, A, B kabla ya kuingia darasani, kisha yagawiwe kwa kufuata viti bila kuruka. Rangi zikitofautiana wanafunzi wataanza kuulizana nani amepewa lipi na kwa nini.

Tatizo la njia hii hujitokeza darasani, wala si kwenye hesabu. Katika shule nyingi za msingi msimamizi hulazimika kusoma maswali kwa sauti ili wasiosoma vizuri wasibaki nyuma. Ukiwa na matoleo mawili ndani ya chumba kimoja, kusoma kwa sauti hakuwezekani. Una chaguo mbili. Ya kwanza ni kuwatenga kwenye vyumba viwili, wa A huku na wa B kule, kwa kufuata karatasi walizokwisha kupewa. Ya pili ni kuligawia darasa zima toleo moja na darasa jingine toleo la pili. Ya pili ni rahisi kusimamia, lakini inakula sampuli, maana wanafunzi wa darasa moja hufanana.

Hesabu ni hizi. Ili ugundue tofauti ya kutoka asilimia 20 hadi 25 kati ya matoleo, kwa uhakika wa asilimia 95 na nguvu ya asilimia 80 (yaani nafasi 80 kati ya 100 za kuiona tofauti ikiwa ipo kweli), unahitaji karibu wanafunzi 1,090 kwa kila toleo. Ukiridhika na kugundua tofauti kubwa tu, asilimia 20 hadi 30, wanatosha kama 290 kwa kila toleo. Hizo ni za kugawa mmojammoja. Ukigawa kwa darasa zima, na tuchukulie athari ya kundi, yaani sampuli inavyolazimika kuongezwa kwa kuwa walio pamoja hufanana, ni 2, namba zinakuwa 2,180 na 580. Halmashauri yenye wanafunzi 600 wa kufikia isijidanganye kwamba itaona tofauti ya asilimia tano.

Maswali yenyewe, la zamani na jipya

Pombe ndiyo mahali pa kuanzia. Swali la zamani huuliza ni siku ngapi, katika siku 30 zilizopita, mwanafunzi alikunywa angalau kinywaji kimoja chenye kileo, na maelezo yake hutaja glasi ya mvinyo, chupa ya bia au kipimo kidogo cha pombe kali. Huku kijana anayekunywa uraka, yaani pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), kutoka kwenye ndoo ya nyumbani msimu wa mabibo anaweza kujibu "siku 0" kwa moyo safi, kwa kuwa hakuona uraka umetajwa. Jipya libakize sentensi ya swali ilivyo, maelezo tu yapanuliwe: bia, mvinyo, tembo la mnazi, uraka, nipa na gongo nyingine. Nipa ipewe pia swali lake peke yake, maana ni pombe iliyochemshwa na madhara yake hayalingani na ya uraka.

Kubeba silaha. YRBS huuliza juu ya bunduki, kisu au rungu. Ukitafsiri hivyo, nusu ya wavulana wa Nachingwea wataonekana ni hatari, kwa sababu wanabeba panga na jembe kwenda shamba la shule. Swali liseme wazi: "kwa ajili ya kujilinda au kupigana, si kwa kazi."

Usafiri. Mkanda wa gari unamhusu mwanafunzi anayepanda gari. Wa huku hupanda bodaboda. Uliza ni mara ngapi alivaa kofia ngumu alipopakiwa, na jibu la kwanza liwe "Sikupanda bodaboda katika siku 30 zilizopita". Ukilisahau jibu hilo, wasiopanda kabisa watajaza "sikuvaa kamwe" na asilimia yako itaharibika.

Tumbaku. Sigara ibaki kama ilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Ugoro, shisha na sigara za kielektroniki ziwe maswali tofauti, kila moja kivyake. Kuzirundika katika swali moja hukufanya usijue cha kufanya na jibu.

Urefu na uzito. Kumwomba mtoto wa kijijini ataje kilo zake ni kupoteza nafasi mbili za dodoso. Mizani ya kidijiti na ubao wa kupimia urefu huchukua dakika mbili hadi tatu kwa mwanafunzi, viatu vikiwa vimevuliwa, namba ikiandikwa kwenye karatasi yake kabla hajaanza kujaza. Wawili wapime kwenye chumba cha pembeni, na namba isitajwe kwa sauti. Mizani iwekwe juu ya saruji au ubao. Juu ya udongo au mkeka husoma ovyo.

Mahali kijana alipofundishwa juu ya mwili na mahusiano. Orodha za majibu kwa kawaida hutaja mwalimu, mzazi, rafiki, mhudumu wa afya na intaneti. Kusini, orodha isiyo na jando na unyago haijakamilika, kwani huko ndiko wengi huambiwa kwa mara ya kwanza. Jibu hilo liwekwe bila sifa wala lawama. Swali linalonuka hukumu juu ya mila litafunga midomo ya wazazi siku ya kuomba ridhaa, na dodoso zima litakwama.

Yasiyoguswa hata kidogo ni maswali ya huzuni ya muda mrefu, mawazo ya kujiua, uonevu shuleni, na kipindi kinachoulizwa, yaani siku 7, siku 30 au miezi 12. Badiliko dogo la kipindi hubadili kila kitu.

Julai au Novemba?

Mwezi wa kukusanya data huamuliwa na ratiba ya magari, na ni kosa. Kipindi cha siku 30 kinapokutana na kalenda ya korosho, mwezi wa kukusanya data unakuwa sehemu ya swali lenyewe.

Ukienda Julai, barabara za Liwale na Nanyumbu zinapitika, mahudhurio ni mazuri na mitihani iko mbali kwa wengi. Lakini siku 30 za nyuma zina likizo ya Juni ndani yake, na mabibo hayajaanza kuanguka. Pombe itaonekana ndogo. Kwa upande mwingine, Julai ni kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hivyo swali la kazi za shambani bila kinga litapata majibu yake.

Ukienda Novemba, uraka upo, fedha za mnada wa korosho ziko mitaani, na picha ya unywaji ni ya msimu wa juu. Lakini watoro ni wengi, maana watoto wako mashambani wakiokota korosho, na kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Aliyekosekana darasani ndiye aliyeko kwenye mabibo. Yaani hata msimu ukiwa sahihi, sampuli inamkimbia unayemtafuta.

Tunachagua Julai hadi katikati ya Agosti, kwa sharti moja: swali la pombe la siku 30 libaki kwa ajili ya kulinganisha, na liongezwe jingine kuhusu "msimu uliopita wa mabibo". Kumbukumbu ya miezi minane si kamili, lakini msimu una alama zake na kijana anaukumbuka kuliko anavyokumbuka "miezi 12 iliyopita". Darasa la saba wasiwekwe mwishoni mwa ratiba, waanzwe nao wiki ya kwanza ya Julai, kwa sababu mtihani wao ni Septemba. Na duru ijayo irudi mwezi uleule. Duru moja ya Julai na nyingine ya Novemba hazilinganishiki hata dodoso likiwa lilelile herufi kwa herufi.

Kuhusu madarasa, orodha ya sampuli ipangwe kwa umri, miaka 13 hadi 17, ndiyo lengo la kuripoti. Mabadiliko ya mtaala yanayofupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita yatafanya darasa la sita na la saba wamalize pamoja mwaka 2027, na anayelinganisha "darasa la saba" la duru mbili atakuwa analinganisha watoto wa umri tofauti.

Karatasi au kishikwambi?

CDC ilihamia vishikwambi kwa YRBS ya kitaifa mwaka 2023 baada ya miongo mitatu ya karatasi. Utafiti wao wa mwaka 2004 uliolinganisha karatasi na kompyuta, shuleni na nyumbani, ulionyesha kuwa mahali pa kujazia palibadili majibu zaidi ya chombo kilichotumika, na wanafunzi waliojaza shuleni walikiri tabia hatarishi zaidi ya waliojaza nyumbani. Kwa hiyo hofu kwamba chombo peke yake kitavuruga takwimu isikuzwe kupita kiasi. Kinachoamua huku ni umeme, viti na nani anamiliki kifaa.

Karatasi: dodoso la kurasa nane likichapwa pande mbili ni karatasi nne kwa mwanafunzi. Wanafunzi 1,000 ni karatasi 4,000, yaani rimu nane, na ongeza moja ya akiba. Chapa Mtwara au Lindi mjini. Mei 2024 barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa baada ya mvua kubwa, na shehena inayosubiri lori haifuati ratiba yako. Kazi kubwa iko baadaye. Kila dodoso liingizwe mara mbili na makarani wawili tofauti, kisha mafaili yalinganishwe. Kwa dakika nne kwa dodoso, wanafunzi 1,000 ni saa 133 za kazi, karibu wiki mbili kwa makarani wawili.

Kishikwambi: programu kama ODK au KoboToolbox hufanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Kwa darasa la wanafunzi 40 beba 44, vyote vikiwa na chaji kamili, na betri za akiba kwa shule isiyo na umeme. Data inakuwa tayari jioni ileile, na matoleo A na B hugawiwa na programu yenyewe, hivyo lile suala la rangi na mpangilio linaisha. Sauti ya kusikilizia kwa visikizi huwasaidia wasiosoma vizuri, nayo inatatua tatizo la kusoma kwa sauti tulilolitaja.

Mambo mawili huharibu kazi ya vishikwambi. La kwanza ni kuazima vya walimu, vile vilivyobaki baada ya sensa ya 2022. Mwanafunzi anayekijua kishikwambi cha mwalimu wake hatajibu ukweli juu ya bangi wala mahusiano, hata umwapie. La pili ni kuweka maswali ya kuruka, yaani aliyejibu "hapana" kwenye pombe anapelekwa moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata. Dodoso la YRBS la karatasi liliepuka hilo kwa makusudi, ili wote wachukue muda unaokaribiana. Ukiruhusu kuruka, anayemaliza mapema amejitangaza kuwa hana tabia, na anayechelewa amejitangaza kuwa anazo. Zima kuruka. Kila swali liwe na jibu la "sijawahi" ili kila mtu alipitie.

Ushauri wetu: kwa sekondari zenye umeme, vishikwambi vya mradi. Kwa shule za msingi za vijijini, karatasi, mpaka vipatikane vifaa visivyo vya shule. Kuchanganya kunaruhusiwa mradi chombo kiandikwe kwenye data kwa kila mwanafunzi.

Viti ni muhimu kuliko chombo. Darasa lenye watoto watatu kwa dawati moja si mahali pa kuuliza siri. Tumia mpangilio wa mtihani, na darasa likiwa na watoto 90, chagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la mahudhurio badala ya kuwachukua wote. Walimu watoke nje, wote, pamoja na wa unasihi.

Shuleni au kwenye kaya?

Dodoso la shuleni halimwoni aliyeacha shule: mvuvi wa Songosongo, binti aliyeolewa, kijana aliyekwenda Dar kuuza bidhaa. Kwa hao kuna njia ya kaya. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 majumbani, ana kwa ana, mmoja tu kwa kila kaya, wa kike na wa kiume katika maeneo tofauti ili kuwalinda. Ulionyesha karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Utafiti wa demografia na afya huwafikia wasichana wa miaka 15 hadi 19, na wa 2022 ulikuta asilimia 22 yao kitaifa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kutoka asilimia 27 ya 2015/16.

Tofauti kubwa ni wajibu. Shuleni hakuna jina, hivyo huwezi kumfuata aliyejibu kwamba amewahi kufikiria kujiua. Unachoweza ni kumpa kila mwanafunzi, bila kubagua, kikaratasi chenye namba 116 ya msaada kwa watoto ambayo kuipiga ni bure, jina la ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Kwenye kaya mhojaji anamwona aliyejeruhiwa na anajua anapoishi. Huko lazima mpango wa rufaa uwepo kabla ya hojaji ya kwanza, na afisa ustawi awe anajua tarehe. Halmashauri isiyo na afisa wa kupokea kesi isianze na kaya.

Kibali na ridhaa

Kibali cha maadili hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na dodoso lililobadilishwa baada ya kibali lirudishwe kwa marekebisho, hata kama ni swali moja. Kisha barua kupitia Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri na Afisa Elimu. Anzeni miezi minne kabla.

Ridhaa ya mzazi kwa kutuma barua na mtoto hupoteza wengi, na wanaopotea si wa kawaida. Mara nyingi ni watoto ambao nyumbani hakuna anayefuatilia. Kikao cha wazazi shuleni, barua ikisomwa kwa sauti na sahihi au alama ya kidole ikichukuliwa palepale, huleta wengi zaidi. Msimu wa korosho wazazi hulala mashambani, na hiyo ni sababu nyingine ya Julai. Baada ya mzazi, mtoto mwenyewe aulizwe, na kukataa kwake kuwe kimya: anakaa, anageuza karatasi, anasubiri wenzake.

Kujaribu kabla, na kusafisha baada

Maswali mapya yapitie kwanza kwa wanafunzi 8 hadi 12, mmojammoja, wakieleza kwa maneno yao swali linauliza nini kabla ya kulijibu. Rekebisha, rudia na wengine. Nusu watoke pwani, nusu bara, maana mtoto wa Mikindani na wa Ruangwa hawaishi maisha yaleyale. Kisha wanafunzi 100 hivi wajaze mara mbili kwa wiki mbili tofauti, karatasi zikiunganishwa kwa namba ya siri anayoitunga mwanafunzi mwenyewe. Swali ambalo kipimo chake cha kappa, yaani jinsi majibu ya mara mbili yanavyolingana, kiko chini ya 0.40 lirudi mezani. Kwa maswali ya siku 30 kumbuka kuwa wiki mbili kweli zinaweza kubadili jibu, hivyo usilitupe swali hilo haraka kama la "umewahi".

Sampuli ya kawaida kwa mkoa mmoja: wanafunzi 384 kwa kosa la asilimia tano, mara 2 kwa athari ya kundi ni 768, gawanya kwa mwitikio wa asilimia 80, unapata 960. Shule 25 zenye wanafunzi 40 kila moja zinatosha. Ukitaka jibu la kila halmashauri, Mtwara ina tisa, na hesabu inapanda hadi karibu 8,640. Tunashauri mkoa kwanza. Kwa majimbo ya Marekani, CDC kwa miaka mingi imehitaji mwitikio wa jumla wa angalau asilimia 60, yaani wa shule mara wa wanafunzi, kabla ya kukubali takwimu ziwakilishe wote. Ni kizingiti kizuri kujiwekea. Waliokosekana siku hiyo wafuatwe ndani ya wiki mbili.

Katika kusafisha, sheria za YRBS zinatumika vizuri huku: dodoso lenye majibu halali chini ya 20 linatolewa, na lenye jibu lilelile kwa maswali 15 au zaidi mfululizo linatolewa pia. Majibu yanayopingana, kwa mfano "sijawahi kunywa" na "nilikunywa siku 6", yote mawili yafutwe kwa mwanafunzi huyo, dodoso lake libaki. Andika idadi iliyotolewa kwa A na kwa B kando kando. Toleo B likitupa madodoso mengi kuliko A, kuna swali ndani yake lililowachosha au kuwachanganya, na hilo litafutwe kabla ya kuchapa toleo la duru ijayo.